Kijani cha Moto Mdogo

Tanuri la marehemu baba lilipopasuka ukuta, moto wake ulipungua, na rangi ya kijani aliyotuachia ikatugomea. Ni unga unaopakwa kwenye chombo cha udongo kabla ya kuchomwa. Moto ukiwa mkali unayeyuka na kuwa kioo, moto ukilegea unabaki umeparara na kukwaruza. Mimi na kaka yangu tukaapa kuipata upya kwa moto mdogo. Nilichanganya boraksi, chumvi ya kuyeyushia, nikasaga chupa mpaka kifua kikaniwasha. Vikombe vilitoka vimebabuka, vingine vimegandana na rafu. Kaka akanicheka: "Wewe endelea tu kupika uji."

Asubuhi moja akafungua tanuri bila mimi, kisha akaniita. Rafu nzima ilikuwa kijani kibichi, laini, inameremeta. Nililia kwa furaha, nikamkumbatia jeuri yule.

"Umetia nini?"

"Siri ya fundi, dada."

Nilikwenda kunawa uso nyuma ya karakana, nikakuta betri za gari zimepasuliwa, matumbo nje. Risasi, madini yale mazito ya betri! Ndiyo huyeyusha rangi kwa moto mdogo, na ndiyo sumu ambayo baba alitukataza hata kuishika. Damu ilinichemka. Nikarudi na nyundo, nikaanza kuvunja vikombe kutoka rafu ya juu.

"Una wazimu?" Akanidaka nywele, akanibamiza ukutani. Nikampiga nyundo ya bega, akapiga yowe, akanitandika ngumi ya pua. Tukaanguka juu ya vigae, vikatuchana migongo. Nilimng'ata mkono mpaka nikaonja damu, sijui yake au yangu. Akanikaba koo.

"Ikishaungua ni kioo tu!" alifoka. "Haimdhuru mtu!"

"Mtu akitia ndimu risasi inatoka," nilikoroma. "Anainywa. Mtoto aliye tumboni inamla ubongo."

Vidole vyake vililegea. Nilidhani nimeshinda, na kwa kweli nilifurahi.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Wifi yangu, mke wake, alikuwa amesikia makelele kutoka ndani ya nyumba, akaja mbio huku tumbo limemtangulia. Mkononi alishika maji ya ndimu, dawa yake ya kichefuchefu ya kila siku tangu mimba ingali changa. Kikombe kilikuwa cha kijani. Kumbe kaka alikuwa ameshafaulu kwa siri, akampa kikombe cha kwanza zawadi, wakati mimi bado nasaga chupa.

"Watu wazima mnauana kwa ajili ya vikombe?" wifi akauliza, akapiga funda.

Kaka aliniachia. Aliinuka, damu ikimchuruzika hadi kwenye viganja, akamrukia mkewe ampokonye kikombe.

Wifi hakujua anachotaka. Alimwona tu mwanamume mwenye damu anamjia. Akakiachia kikombe kikavunjika, akajikunja, akalikinga tumbo lake kwa mikono yote miwili mumewe asije akampigia mtoto.

Kaka alisimama mbele yake, mikono hewani, hajui aipeleke wapi.