Wimbo Ulioitangulia Santuri Yake

Mbeyu Kavumbi alikuwa mwimbaji wa bendi ya hoteli mjini Malindi, mtoto wa wakulima wa Ganda, na mwaka wa themanini na tano jina lake lilitajwa pwani nzima. Alikuwa ametunga wimbo, "Mlango wa Uani", wa mke ambaye mumewe hufunga mlango wa mbele kwa ufunguo akausahau ule wa nyuma. Kampuni moja ya santuri ya Mombasa ikamtia katika mkataba wa miaka mitano. Tangu Machi tangazo likawa linasomwa redioni: santuri yaja, kaeni tayari.

Santuri haikuja. Wakubwa wa kampuni waliuona wimbo mtupu mno, wakautia tarumbeta, kisha kinanda, kisha wakaupeleka Nairobi ukatengenezwe upya. Kila mwezi Mbeyu aliambiwa asubiri, na mkataba ulimkataza kumpa mtu yeyote wimbo ule kabla santuri haijatoka.

Mamake alikuwa mgonjwa wa miguu huko Ganda, hajapata kumsikia bintiye jukwaani hata siku moja. Mbeyu akaenda kwa rafikiye Hindu, mshonaji wa mtaa wa Shela aliyekuwa na redio ya kaseti mbili, akauimba wimbo uani kwake, akijipigia gitaa mwenyewe. Mwishoni Hindu alishindwa kujizuia, akapiga kigelegele, nacho kikanaswa. Mbeyu akacheka, akampelekea mamake kaseti hivyo hivyo.

Lakini Hindu alibaki na nakala. Akampa binamu yake wa Takaungu, mtu mmoja tu, kwa mapenzi.

Santuri ilipotoka Disemba, kaseti ilikwisha kufika Lamu na Voi. Katika orodha ya nyimbo ishirini zilizovuma, redio iliutaja wimbo wake katika nafasi ya kumi na nane. Wiki ya pili Mbeyu alisikiliza mpaka jina la mwisho, lake halikusomwa. Akaenda kwa Aboud, mwenye duka la santuri, kumuuliza kulikoni. Aboud akamweleza kwamba watu waja, waomba wawekewe, na wakisikia tarumbeta huuliza kigelegele kiko wapi.

"Wasema hii siyo yenyewe," alisema.

"Zote mbili nimeimba mimi."

"Najua, dada. Wao ndio hawajui."

Januari akaja hotelini Bwana Mahadhi, wakala wa kampuni, na kaseti aliyoinunua kwenye kivuko cha Kilifi. Aliipiga ofisini mwa meneja mpaka ikaisha, akiwa ametulia kama mtu asikilizaye taarifa ya habari.

"Huyu apigaye kigelegele ni nani?"

Mbeyu alijua kwamba akimtaja Hindu, polisi watamfuata nyumbani mbele ya wanawe. Akinyamaza, watamtafuta wenyewe, na mtaa wa Shela si mkubwa.

"Ni mimi."

"Mtu haimbi akapiga kigelegele kwa pumzi moja, Bi Mbeyu."

"Wimbo ulikuwa umekwisha."

Mahadhi akaandika.

Hawakumshtaki. Santuri iliondolewa madukani, na barua ikaja kwamba wimbo ni mali ya kampuni, asiuimbe mbele ya watu popote, wala asimtungie mtu mwingine wimbo mpya mpaka mkataba uishe. Ilikuwa imebaki miaka minne. Hoteli nayo ililetewa barua yake. Mbeyu akaendelea kuwaimbia wageni, waliokaa wiki mbili wakaenda zao, nyimbo za watu wengine. Hindu alikuja akilia, ataka kwenda Mombasa kukiri. Mbeyu akamkataza.

"Ukisema, tutafungwa wawili," alimwambia. "Mmoja atosha."

Aprili kulikuwa na harambee ya shule huko Ganda, na chifu akamwita Mbeyu mbele awaimbie watu wimbo wao. Safu ya kwanza watu watatu walikuwa wamepakata redio kaseti, vidole tayari. Miezi michache tu nyuma jambo hilo lingemfurahisha. Akasema koo lamuuma.

Basi wanawake wakauanza wenyewe kwa makofi, na mamake, kitini pake, akawashinda wote kwa sauti. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wa pili maneno yaliwapotea, maana kaseti zao zilikuwa nakala ya nakala, na ya mamake imechakaa kwa kupigwa, wakatia ya kwao. Pale Mbeyu aliposema mlango wa uani u wazi, wao waliimba kwamba umefungwa. Waliimba kwa furaha, wakarudia mara tatu, na vile vidole vitatu vilikwisha kubonyeza.

Mamake akamvuta leso.

"Tuongoze, mwanangu. Hapa tumepotea."

Mbeyu alipiga makofi pamoja nao, meno ameyauma, mpaka walipofika mwisho.