Alicholeta Marigold

"Mchape moja tu la sikioni, uone kama atarudia," alisema Clive Beddoes.

Glenys Prosser alikuwa amechuchumaa kwenye tope la njia ya matrekta, filimbi ikining'inia shingoni, akimsubiri mbwa wake akae. Marigold, spanieli mdogo mwenye mabaka ya kahawia na meupe, alikuwa amemwona sungura akikatiza njia, na miguu yake yote minne ilikuwa ikitetemeka kwa hamu. Hakumfukuza. Alimtazama sungura, akamtazama Glenys, akatazama tena kule sungura alikopotelea, kisha akashusha makalio yake polepole hadi kwenye tope. Glenys akatoa kipande cha jibini mfukoni, akampa.

"Anataka kukimbia, na bado unamlisha!" Beddoes aliwageukia vibarua wa siku waliokuwa kwenye tela la trekta. "Mmeona jamani? Sisi wengine tuna mbwa. Huyu ana mgeni wa chai."

"Alitaka, lakini hakukimbia," Glenys alisema. "Wewe hujawahi kutaka kitu ukajizuia?"

Waliokuwa kwenye tela waliangua kicheko, na mzee Tudor Gough akacheka kuliko wote. "Hapo umepatikana, Clive! Sema kweli, na wewe upewe jibini!"

Beddoes hakucheka. Alikuwa mlinzi mkuu wa pori la Hollybatch, na katika vilima vyetu vya Shropshire, huku Uingereza, mlinzi wa pori hachekwi mara mbili kwa siku moja. Yeye ndiye aliyelea fezanti, ndege wale wenye mikia mirefu, tangu wakiwa vifaranga, akawaachia msituni, akawalisha ngano hadi wakanenepa, ili kila Jumamosi ya Desemba wageni wa Bwana Ashcombe, mwenye shamba, waje kuwapiga risasi. Yeye ndiye aliyeamua nani apande tela na nani abaki nyumbani.

Na yeye ndiye aliyeamua nani akae kwenye nyumba.

Nyumba za Hollybatch ni za watu wa Hollybatch. Hivyo ndivyo walivyosema siku zote. Ivor, mume wa Glenys, alikuwa ametengeneza nyua na kukata miti ya shamba lile kwa miaka ishirini na saba, mpaka mgongo wake ulipokwisha. Ulipokwisha, barua ikaja. Ilikuwa barua ya adabu sana. Ilisema nyumba ile ya mawe kando ya kijito ingehitajika kwa wageni wa wikiendi, isipokuwa kama mmoja wa wakazi wake angekuwa na kazi ya kudumu shambani. Miaka ishirini na saba ya mgongo wa mtu, halafu barua ya adabu! Mimi nasema bora wangemtukana.

Kazi pekee iliyobaki ilikuwa ya mtu mwenye mbwa wa kuokota ndege walioanguka. Glenys alikuwa mpishi wa shule, na mbwa aliyekuwa naye ni huyu wa kulala kwenye kochi. Bwana Ashcombe alikubali kumpa miaka miwili, nadhani kwa sababu hakuamini kwamba angeweza. Leo ilikuwa siku ya mtihani. Marigold akifanya kazi vizuri, nyumba inabaki. Akiharibu, waanze kufunga mizigo.

Kwa miaka hiyo miwili Glenys alimfundisha kwa namna iliyowafanya watu wa baa ya kijiji wapaliwe na bia. Hakumpiga. Hakumvuta shingo. Alipuliza filimbi na kumpa jibini, akapuliza tena na kumpa tena, maelfu ya mara, hadi mlio ule ukawa kwa Marigold habari njema kuliko zote duniani. Alirusha kifurushi cha turubai kwenye nyasi, baadaye kwenye vichaka, baadaye ng'ambo ya kijito. Na tangu Marigold akiwa mtoto, kila alichobeba mdomoni kilipokelewa kwa shukrani. Soksi za Ivor. Meno ya bandia ya Ivor. Rimoti. Siku moja kalunguyeye aliyekufa zamani, ambaye harufu yake ilikaa jikoni siku tatu. Watu walimwambia, mkimbize, mpokonye, la sivyo atakuzoea vibaya. Glenys alipiga magoti, akafungua mikono, akasema, "Asante, mama, lete," akakipokea, akalipa. Kwa hiyo Marigold hakuwahi kujifunza kuficha kitu.

Mizunguko miwili ya asubuhi ilikwenda vizuri. Wakurupushaji walipita msituni wakigonga miti kwa fimbo, fezanti wakaruka, bunduki zikalia, na Marigold akaketi kando ya kiatu cha Glenys akitetemeka mpaka alipotumwa. Alileta ndege saba bila kunyofoa unyoya. Bwana Ashcombe, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, alimpokea mmoja, akampapasa mbavu kutafuta zilizovunjwa kwa meno, asipate. "Mdomo laini kabisa," alisema. Glenys alikwisha kuanza, moyoni, kupaka rangi upya dirisha la jikoni.

Mzunguko wa tatu ulikuwa wa mwisho kabla ya chakula cha mchana. Wageni wanane walisimama bondeni, na jogoo mmoja wa fezanti alipigwa vibaya, bawa likavunjika, akaanguka juu ya miba iliyofunika mtaro wa zamani, akaingia humo kwa miguu.

"Huyo yu hai," alisema Bwana Ashcombe. "Clive, mtoe."

Beddoes alimtuma Jet, mbwa wake mweusi. Jet alikuwa mbwa mkubwa, mwenye nguvu, na kila mtu alijua kwamba hukosa mara chache. Aliingia kwenye miba, akafika mtaroni, akasimama. Aligeuza uso pembeni, kama mtu aliyepita mlangoni pa ugomvi usiomhusu. Kisha akazunguka mahali pale kwa mbali, mkia chini, akarudi mdomo mtupu.

Beddoes alimshika sikio akalipinda. Jet hakulia. Hilo ndilo lililomuudhi Glenys zaidi, kwamba hakulia.

"Mwache, Clive," alisema. "Ameona kitu asichokitaka."

"Shughulika na kipaka chako."

"Basi tumwone huyo kipaka," alisema Bwana Ashcombe, na wageni wakatabasamu. "Bibi Prosser, tafadhali."

Beddoes alifungua mdomo. "Bwana, hakuna haja. Nitamtafuta mwenyewe mchana, na..."

"Ndege anateseka, Clive. Bibi Prosser."

Glenys alinyoosha mkono. Marigold akaenda.

Miba ilitikisika upande huu, ikatikisika upande ule. Kilichoonekana ni ncha ya mkia tu, ikizunguka kwa kasi, na baadaye hata hiyo haikuonekana. Mgeni mmoja akafungua chupa yake ya kahawa. Kisha Marigold akatokea, amebeba kitu kikubwa cha kahawia, mabawa yakiburuzika pande zote mbili, na yule mgeni akaanza kupiga makofi.

Akaacha. Yule hakuwa fezanti. Alikuwa kipanga.

"Acha!" Beddoes alinguruma. "Toka! Acha hiyo!"

Marigold alisimama katikati ya majani. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumpigia kelele namna ile. Masikio yalimshuka. Hakukiachia kile alichobeba, lakini hakusogea, na macho yake yalikuwa kwa Glenys.

Beddoes alikuwa amefika ubavuni pa Glenys, akihema. "Puliza filimbi," alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie aache. Neno moja tu, kinarudi mtaroni, na siku yetu inaendelea. Amefaulu, mimi mwenyewe nitamwambia Bwana." Akatupia jicho kwa wageni. "Ile nyumba ni nzuri, Glenys. Mfikirie Ivor."

Hapo ndipo Glenys alipoelewa yote kwa mara moja. Kijiji kizima kilijua ile jozi ya vipanga iliyokuwa ikizunguka juu ya msitu tangu majira ya machipuko. Tangu mwishoni mwa Novemba alionekana mmoja tu, na kila mtu alijifanya hajui kuhesabu. Sheria inakataza kumuua kipanga. Lakini kipanga hula vifaranga wa fezanti, na walinzi wengine wana sheria zao. Na Jet naye alielewa. Jet alikuwa amekwisha kumleta ndege yule siku moja, kwa utiifu, akidhani amefanya vyema, na kipigo alichopata ndicho kilichomfanya leo ageuze uso.

Hasira ilimpanda Glenys kutoka miguuni. Kwa ajili ya kipanga, ndiyo, lakini zaidi kwa ajili ya yule mbwa mweusi, na kwa ajili yake mwenyewe, kwamba mtu huyu alithubutu kumwomba amfundishe Marigold jambo lile lile, hapa, mbele ya macho yake, kwa neno moja. Nyumba ilikuwa pale pale kwenye filimbi. Pumzi moja tu.

Alipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, akafungua mikono.

"Njoo, mama," alisema. "Lete. Asante, lete."

Mkia ukaanza kutikisika. Marigold akaja mbio, kichwa juu, akamweka kipanga mikononi mwake kwa utaratibu ule ule wa soksi na meno ya bandia. Glenys akampa jibini. Alimpa kipande cha pili, na cha tatu. Kisha akamgeuza ndege ili wote waone. Miguu yote miwili ilikuwa imevunjwa mahali pamoja, juu kidogo ya kucha, na alama za chuma zilionekana wazi kwenye magamba.

"Mtego wa nguzo," alisema mzee Tudor, ambaye alikuwa ametoka msituni na fimbo yake. Hakuwa akitania tena. "Anatua juu ya nguzo, unamfunga miguu. Ananing'inia mpaka anakufa."

"Siku ngapi?" aliuliza Glenys.

Tudor alitazama chini. "Inategemea."

Bwana Ashcombe alikuwa akichunguza ncha ya buti lake. "Jambo la kusikitisha," alisema kwa ile sauti ya upole. "Bila shaka ni ajali. Clive, mzike mahali. Tukale, supu inapoa."

"Ajali!" Glenys alisimama. "Nani alipanda nguzo akaweka mtego kwa ajali? Na nyinyi mnaonyamaza, watu wazima wanane wenye bunduki, mmepotewa na sauti? Makofi mliyapata upesi!"

Mgeni wa kahawa alifunga chupa yake.

"Bibi Prosser," alisema Bwana Ashcombe, "nadhani ungependa kufikiri kwanza kabla ya kuendelea."

"Nimekwisha kufikiri."

Alimfungia kipanga ndani ya skafu yake. Jet alikuwa ameketi hatua mbili kutoka pale, akitazama mkono wake. Glenys alikata jibini, akaliweka kwenye nyasi mbele yake, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kumwona ndege huyu. Jet alilitazama lile jibini, akamtazama Beddoes, akabaki hivyo hivyo bila kuligusa.

Kisha Glenys akakumbuka, na ilionekana ni yeye peke yake aliyekumbuka, kwamba jogoo mwenye bawa lililovunjika bado alikuwa mtaroni. Akanyoosha mkono mara nyingine. Marigold hakukawia. Alimleta akiwa hai, kichwa kimeinuka, jicho linapepesa, na Glenys akampokea na kumkabidhi Beddoes mikononi.

"Huyu ndiye mliyemtaka," alisema. "Mmalizie haraka, anaumia."

Akaondoka kwa miguu, maili mbili, kwa barabara ya kijito. Marigold alitangulia akinusa kila ukingo, na hakuitwa arudi.

Ivor alikuwa amekaa jikoni tangu saa mbili asubuhi, mto nyuma ya mgongo, chai imetayarishwa, vikombe viwili na sahani ya keki. Aliwasikia mlangoni, akashika ukingo wa meza kujiinua, akashindwa, akauliza kutoka hapo hapo alipokaa.

"Haya, niambie. Amefaulu?"

Glenys aliingia na viatu vyake vya tope. Alisimama na lile furushi la skafu kifuani, akatazama dirisha, akamtazama mumewe.

"Amefaulu," alisema.

Alifungua skafu juu ya meza, na bila kuvua koti akaenda ukutani kuinua simu ya kuwaita polisi. Ivor alimtazama yule ndege kwa muda mrefu, hasa miguu. Halafu akavuta vikombe pembeni, kimoja kimoja, akasogeza na sahani ya keki, akamkunjua bawa lililokuwa limejikunja chini yake, likanyooka hadi ukingoni mwa meza.