Picha za Korongoni

Tangu azaliwe Tadicha hakuwahi kusikia upuuzi kama huu, na alizaliwa zamani. Binti yake Kafia, muuguzi mzima wa zahanati, mtu anayedunga watu sindano na bado wakamwamini, alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele yake akimweleza ati likizo yake ataimalizia huko bara, kwenye korongo moja lenye msitu. Atalala kwenye kibanda cha mbao. Asubuhi ataamka, atavaa viatu, atatembea.

"Utembee uende wapi?" Tadicha aliuliza.

"Kutembea tu, Baba. Mnashuka mpaka chini mtoni, mnaona maporomoko ya maji, halafu mnapanda tena."

"Huko chini mmesahau nini?"

"Hatujasahau kitu."

"Sasa mnafuata nini?"

Rachael, mwalimu wa shule ya msingi na rafiki wa Kafia wa chanda na pete, aliona amsaidie mwenzake. "Inaitwa haiki, Mzee. Watu wengi siku hizi wanakwenda."

"Hata malaria ina jina," alisema Tadicha, "na watu wengi wanayo."

Wakacheka. Naye akafyonya, kwa sababu hakusema ili wacheke. Kutembea anakujua yeye. Mwaka ule wa ukame mkubwa aliwashusha ng'ombe kutoka nyuma ya Madogo mpaka huku chini delta, wengine wakiangukia njiani, yeye mwenyewe nyayo zimepasuka, na hakuna aliyempiga picha. Mtu anatembea kwa sababu ng'ombe anatembea. Ng'ombe akisimama, mtu anakaa. Sasa leo watu wazima wenye mishahara, hawana hata mbuzi mmoja wa kumfuata, wanapanda gari siku nzima ili wakatembee! Na hayo maji ya kwenda kutazama, si ndiyo haya haya ya Tana yanayotoka huko milimani? Yanakuja yenyewe mpaka Garsen, bila kuitwa, na mengine yanaingia mpaka ndani ya nyumba. Nani anayafuata yalikotoka?

"Na hicho kibanda kimejengwa na nani?" akauliza. "Kuna mwanamke mwenye nyumba humo?"

"Ni cha biashara, Baba. Wamejenga mafundi."

"Basi si nyumba. Ni stoo." Kwao Waorma nyumba huijenga mwanamke kwa mikono yake, fito kwa fito, na nyumba ikawa yake, mwanamume ni mgeni aliyekaribishwa akakaa sana. Marehemu mke wake, Darmi, alimjengea ya nyasi iliyosimama miaka mingi kule boma, kabla ya Kafia kuwahamishia hapa mjini kwenye mabati.

"Stoo au si stoo, ina vitanda vitatu," alisema Kafia, na sauti yake ikawa na furaha ya mtu anayetoa zawadi. "Cha Rachael, changu, na chako. Tunakwenda na wewe, Baba. Tangu mama aondoke hujatoka hapa. Na wewe ndiye mtembezi wa ukoo mzima!"

Moyo wa Tadicha ulishtuka pa!

Maana Tadicha alikuwa haoni. Tusizungushe maneno. Mwanga aliuona, na giza aliliona, na vitu vikubwa vilimjia kama mtu anayechungulia ndani ya maziwa. Sura za watu zilikuwa zimekwenda. Rangi zilikuwa zinakwenda, moja baada ya nyingine. Na hakuna aliyejua, si Kafia, si mwanawe Abdullahi aliyebaki na ng'ombe, hakuna. Fimbo alikuwa nayo tangu ujana, kwa hiyo fimbo haikumsema. Garsen ni tambarare kama sinia na aliishika yote kichwani: kwa sauti ya pikipiki alijua barabara ilipo, kwa adhana alijua msikiti, kwa harufu ya mafuta ya mahamri alijua amefika kona ya kwake. Lakini korongo! Ngazi, mizizi, mawe yenye utelezi, na shimo upande mmoja! Huko angeumbuka hata kabla ya chai.

Na alijua kinachompata mzee akishajulikana kuwa haoni. Rafiki yake Halkano macho yalipokufa, watoto walimkalisha kivulini, wakamwambia pumzika. Wakaacha kumuuliza kuhusu malisho. Wakauza fahali wake bila kumwambia, naye akaja kusikia kutoka kwa wapita njia. Mzee wa watu akawa mzigo wa kuhamishwa jua likigeuka. Tadicha aliapa wallahi, hilo halitamfika.

Dawa yake ilikuwa dharau. Aliigundua mapema: mtu mwenye dharau haulizwi maswali. Abdullahi akimletea ndama na kumuuliza anamwonaje, Tadicha humpapasa mbavu, akanusa, akasema, "Kwani wewe huna macho?" na kijana anaona haya. Akipewa karatasi, "Sisomi takataka, nisomee." Akisalimiwa na mtu asiyejua ni nani, "Kumbe bado uko hai!" na mtu huyo hujieleza mwenyewe mpaka akajulikana. Watu walisema mzee amekuwa mkali tangu afiwe na mke. Sawa, waseme.

Basi akaamua safari hii aiue kwa dharau kabla haijaota miguu.

Wenyewe walimrahisishia kazi. Rachael alikuwa amesoma mahali kwamba lazima mtu afanye mazoezi ya kupanda, na Garsen nzima hakuna mlima. Hakuna hata kichuguu cha maana. Mahali pekee palipoinuka ni tuta la barabara pale darajani. Basi jioni za wiki ile mwalimu na muuguzi walionekana wakishuka tuta na kupanda tuta, kila mmoja amebeba begi lenye paketi za unga wa sima mgongoni, wanahema. Vijana wa bodaboda waliwauliza kama wameangusha kitu. Mama mmoja aliwafuata na dumu la maji akidhani wamerogwa.

"Leo mmefika wapi?" Tadicha aliwauliza waliporudi wametota jasho.

"Tumepanda mara nyingi, Mzee!" alijibu Rachael.

"Sikuuliza mara ngapi. Nimeuliza mmefika wapi." Akajijibu mwenyewe. "Mmefika hapa hapa mlipotoka. Ng'ombe akifanya hivyo tunamchinja, tunasema ana kichaa."

Kafia alicheka mpaka akakaa chini, lakini hakukata tamaa. Hilo ndilo lililomuudhi Tadicha. Matusi yote aliyoyamimina yaliwafurahisha tu, na safari ikazidi kunenepa. Kijana mwenye vibanda, anaitwa Griffin, akapigiwa simu, kisha Kafia akamwekea Tadicha sikioni.

"Karibu sana, Mzee," Griffin alisema. "Huku ni baridi safi, miti mirefu, ndege wa kila aina. Na kuna mtu wa kuwaongoza njia."

"Kwani njia inahama?"

"Hapana, Mzee, ni kwa usalama."

"Kuna simba?"

"Hakuna."

"Kuna majambazi?"

"Hakuna kabisa!"

"Basi huyo mtu analipwa kuogopa nini?" Tadicha alirudisha simu. Lakini siku ya kuondoka ikabaki pale pale.

Ijumaa baada ya swala walikaa tena, Kafia na Rachael na birika la chai na sahani ya mahamri. Griffin alikuwa ametuma picha. Kafia akaanza kumweleza Rachael hii ni nini na ile ni nini, na Tadicha akajiambia: leo leo. Akanyoosha mkono.

"Lete hiyo simu. Nitazame mwenyewe ujinga wenu."

Alikuwa amewasikia vijana wakitazama picha. Unasukuma kwa kidole, inakuja nyingine, kazi ya mtoto. Akaiinua simu karibu na uso, akakunja paji. Mbele yake palikuwa na ukijani tupu.

"Huu ndio msitu? Umejaa majani na hakuna hata mnyama mmoja wa kuyala. Hasara tupu."

Rachael akaangua kicheko. Tadicha akasukuma. Kitu cheupe, kirefu, kikishuka.

"Na haya ndiyo maporomoko ya kutupandisha gari? Bomba la sokoni likipasuka linamwaga kuliko haya."

"Uuwi, Mzee, utaniua!" alisema Rachael.

Akasukuma. Kitu cha kahawia, chenye pembe pembe.

"Hiki mmekitoa wapi? Hii si nyumba, hili ni sanduku la kubebea nyanya. Mtoto wa watu akalale humo, akiamka atajikuta Mombasa sokoni!"

Sasa walikuwa wanakufa wote wawili. Kafia alikuwa ameshika mbavu, chai inamwagika. Na Tadicha, lo, utamu ukamwingia. Kwa muda mrefu hakuwa amewachekesha watu akiwa ametulia hivi, simu mkononi, anatazama kama watu wengine wanavyotazama. Nani angesema huyu haoni? Hata yeye alikaribia kuamini. Akasukuma tena, na tena, hana haraka. Akasitisha kidole kwenye kitu cha mviringo, rangi ya vumbi, na mbele yake kitu chembamba kimesimama wima.

"Astaghfirullahi! Na hiki ndicho kibaya kuliko vyote. Kimeinama, kinangoja upepo tu. Na huu mti mkavu mbele ya mlango kazi yake nini? Umekauka mpaka mizizi. Si waukate wapate kuni, watu wapite?"

Akangoja kicheko.

Hakikuja. Alisikia nzi kwenye sahani. Alisikia birika likiwekwa chini polepole.

"Nimewaweza, eh?" alisema. "Au ndicho mlichonichagulia mimi, na kuni zangu mlangoni?"

"Mzee..." alianza Rachael, na asiendelee.

"Baba," alisema Kafia. Sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. "Umesema nini?"

"Nimesema waukate."

"Picha za korongo zimekwisha, Baba. Hizo ni zangu. Huyo ni mama."

Na ulimi wa Tadicha, uliozoea kazi yake, ukajibu kabla yeye hajauambia kitu. "Najua ni mama yako. Kwani mimi sina macho?"

Neno lilipotoka akalisikia. Akaona alipojiingiza. Kama ana macho, basi alimtazama Darmi, Darmi aliyekondeshwa na ugonjwa mpaka akawa anajifunika mtandio mchana kutwa ili mumewe asimwone, akamwita mti wa kuni. Mbele ya watu. Ili wacheke.

Rachael aliokota begi lake, akasema anasikia kama anaitwa nyumbani, akatoka bila kuaga vizuri.

Kafia alikuwa analia, na hakulia kwa sauti. "Alikuwa akiniuliza kila siku," alisema. "Nikimwogesha ananiuliza, baba yako ananionaje sasa? Namwambia, anakuona vile vile, Mama. Nikamwapia kabisa. Kumbe wewe ulikuwa unaona kuni."

Tadicha alifungua mdomo. Maneno ya dharau yalikuwepo, hayaishi yale, yamejipanga. Angeweza kusema wanawake hawajui mzaha. Angeweza kusema picha ni upuuzi. Angesema hivyo, Kafia angenyamaza, korongo lingekufa leo hii, na macho yake yangebaki siri mpaka kaburini. Kila alichokitaka kilikuwa hapo, cha kuokota tu.

Akakumbuka mikono ya Darmi ikifunga fito. Ile aliiona. Wakati ule alikuwa bado anaona kila kitu, na alimtazama sana, mpaka akafukuzwa akachunge ng'ombe.

Akanyoosha simu ampe binti yake. "Amevaa nini?" aliuliza.

Kafia alikuwa anautazama mkono wa baba yake. Ulikuwa umeielekeza simu kwenye sehemu ya mkeka isiyokuwa na mtu, na ulikuwa unangoja.

"Kafia. Amevaa nini mama yako?"

Alimsikia akisogea, akihama mahali pake kwa magoti. Mkono wa Kafia ukashika simu, na mwingine ukashika mkono wake na usiuachilie.

"Mtandio wa manjano," alisema hatimaye. "Ule wa Idd. Amesimama mlangoni kwake kule boma, nyumba ile ya nyasi, ameshika nguzo. Anacheka, Baba."

"Anamcheka nani?"

"Wewe. Uko hapo pembeni na fimbo yako, umenikunjia uso. Unasema kupiga picha ni upuuzi, hakuna asiyejua Darmi anafananaje."