Sakafu ya Asili ya Winrose

Wifi yangu Winrose anaishi Kakamega mjini katika nyumba yenye sakafu ya vigae, lakini mtandaoni anahubiri maisha ya asili. Juzi alinianika huko kwa kuwa niliweka simenti jikoni kwangu kijijini Shianda. Eti sabuni ni sumu, na sakafu yenye afya husiribwa kwa mavi ya ng'ombe.

Sikubishana. Aliponialika chai nilikwenda na ndoo ya mavi mabichi, nimeifunika. Alipoingia jikoni kuchemsha chai, nikapiga magoti nikasiriba sebule yake kwa mkono, kama mama yake alivyonifunza.

Aliporudi, trei ilimponyoka.

"Navalayo! Una wazimu?"

"Ni afya, wifi. Washa simu, watu waone."

Hakuwasha. Alikimbilia kabati, akarudi amekumbatia sabuni za kemikali za kila rangi. Zote zilikuwa zimetumika nusu.