Kibali cha Aina Tano

Philbert, dereva wa kijiji, alipoitwa mgambo kwenda vitani Uganda mwezi wa Desemba, mwaka sabini na nane, alimwachia mkewe Deodata watoto wanne, shamba la migomba, na ufunguo wa Landrova ya kijiji. Mambo ya watoto na ya migomba Deodata aliyajua vizuri. Ufunguo aliutundika ukutani pamoja na rozari, akaendelea na kazi yake ya kupika pombe ya ndizi, kazi ambayo pale kijijini Keza hakuna aliyethubutu kushindana naye.

Gari nalo likalala bandani miezi saba. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma wakaangua, na vifaranga wakakua wakiamini ile ndiyo nyumba waliyojengewa na serikali. Hakuna aliyewafukuza.

Ndipo mwezi wa Julai mwenyekiti wa kijiji, mzee Anatoli, akaja na habari iliyomtoa Deodata kwenye kukamua ndizi, mikono bado inachuruzika. Wilaya ilikuwa inayakagua magari yote yaliyolala tangu vita vianze. Fundi mkaguzi angefika Jumamosi ya juma lililofuata. Gari litakalowaka na kutembea lingebaki kijijini. Lisilowaka lingevutwa kwa kamba hadi mjini na kupewa kijiji kingine chenye dereva.

Deodata alimshukuru mzee kwa heshima, akanawa mikono, akaingia ndani akakaa kitandani. Alimjua mumewe. Philbert alikuwa mtu mzuri, lakini akishika jembe hata migomba ilimwonea huruma. Udereva ndio uliokuwa utu wake. Barua zake tatu kutoka vitani zote zilikuwa na swali lilelile: Landrova haijambo? Na mara tatu Deodata alimjibu kwamba haijambo, huku anajua kuku wanalala ndani yake. Sasa aliogopa. Aliogopa mtu aliyenusurika na mabomu asije akarudi nyumbani akakuta banda tupu, akakosa la kufanya na mikono yake.

Fundi wa kuitwa hakuwapo. Wote wenye kujua spana walikuwa Uganda. Lakini Deodata alikuwa amekaa pembeni ya Philbert miaka sita, akimpa spana hii na kupokea ile, na malaria ilipomlaza mumewe aliwahi kuliendesha gari hadi Kanazi mara mbili, bila kumwambia mtu na bila kumgonga mtu. Alikwenda kwa mwenyekiti akasema gari atalifanyia sevisi yeye mwenyewe, na kwamba anahitaji kibali cha kununua vipuri.

Mzee Anatoli akavuta karatasi. Siku zile hata sabuni ilikuwa na kibali chake, sembuse plagi. Kila kijiji kiliruhusiwa aina tano za vipuri kwa gari, si zaidi. Kwa nini tano, hakuna aliyejua, na aliyejua hakusema.

Deodata akafungua boneti. Alipomaliza kuhesabu mahitaji alipata tisa, na alirudia kuhesabu kama vile gari lingeona aibu likapunguza. Alifungua plagi moja, platini za kugawa cheche na filta ya oili, akazifunga kwenye pindo la kitenge ili dukani asidanganywe kwa macho. Betri aliituma misheni ikachajiwe kwa jenereta ya mapadre. Asubuhi ya Jumatano akapanda lori la kahawa kwenda Nyakahura, kwenye duka la Felisiani kando ya barabara.

Felisiani alikuwa mfanyabiashara mchangamfu, mwenye kuuza chochote kilichoingia dukani kwake na kukisifu kabla hajajua ni nini. Alipomwona mama na kitenge chake alidhani amekuja kutafuta chumvi. Aliposikia vipuri, akamsogezea kiti, akaanza kumwonyesha honi ya sauti mbili na kioo cha pembeni chenye fremu inayong'aa. Deodata alimwambia kwamba ng'ombe wa Nyakahura hawahami hata ukiwapigia tarumbeta, na kujitazama angejitazama kwake. Alitaka plagi.

Plagi zilikuwa za aina mbili. Zile mpya zaidi zilikuwa kwenye boksi zuri, na Felisiani aliapa kwamba kwa kuwa ni ndefu zinatoa moto mwingi. Deodata alifungua kitenge, akaiweka plagi yake ya zamani sambamba na ile ndefu. Hesi za kufungia za ile mpya ziliipita ya zamani kwa nusu ya ukucha. Alikumbuka Philbert akimweleza siku moja, mikono imejaa grisi, kwamba plagi ikizidi urefu inakwenda kugongana na pistoni huko ndani, na hapo gari linakula meno yake lenyewe. Akachukua zile fupi, zilizokuwa zimefubaa boksi. Filta nayo aliipima hivyohivyo, mdomo kwa mdomo, na platini akazigeuzageuza kama mtu anayechagua hereni.

Kwenye oili ndiko Felisiani alikokutana na mjuzi. Alikuwa na pipa la oili ya kupimiwa kwa galoni, na mkebe mmoja uliobonyea ambao haujafunguliwa. Alimshauri achukue ya pipa, maana ilikuwa nyingi na ilitazamika vizuri. Deodata aliomba tone. Alitoka nje, akachuma jani la mgomba, akalidondoshea tone, akaliinamisha taratibu juani. Ndivyo alivyozoea kuijua pombe iliyotiwa maji. Tone lilikimbia mno, na nyuma yake likaacha vumbi jeusi, jembamba kama masizi. Akanusa. Ilinuka moshi.

"Ndugu yangu, hii imeshafanya kazi kwenye gari la mtu," alisema. "Imechujwa ikarudishwa. Machicha nayajua."

Felisiani alinusa na yeye, akakunja uso. Aliuziwa pipa lile na msafiri mmoja, na ilionekana wazi kwamba hata yeye hakujua alichouziwa. Bila ubishi alimpa ule mkebe uliobonyea, na pipa akalisukuma pembeni kwa mguu.

Zikawa aina nne. Ya tano ilimtesa. Mkanda wa feni wa Landrova ulikuwa na nyufa, na mkanda mmoja wa saizi yake ulikuwa unaning'inia ukutani. Lakini kibakuli cha oili ya breki nacho alikuwa amekikuta kikavu kabisa. Felisiani alitaka kumrahisishia: achukue mkanda, na kwenye breki atie oili yoyote, kwani mafuta ni mafuta. Deodata alitikisa kichwa. Philbert aliwahi kufanya hivyo akiwa kijana, mipira ya breki ikavimba kama mandazi, na gari likatembea siku nzima linaburuta magurudumu. Alisimama pale akiutazama mkanda, anakitazama na kile kichupa cha oili ya breki chenye lakiri. Bila mkanda mpya gari lingeweza kumwaibisha mbele ya mkaguzi. Bila breki lingeweza kumuua mkaguzi mwenyewe, na hilo Deodata aliona lingekuwa baya zaidi, ingawa si kwa mbali sana.

Akachukua kichupa. Ule mkanda wa zamani aliamua ataukaza tu na kumwachia Mungu.

Siku mbili zilizofuata alifanya kazi pamoja na wifi yake Esperansia, mwanamke mnene, mcheshi, aliyekuwa hajawahi kukaa mbele ya usukani maishani. Kazi yake ilikuwa kukanyaga breki. Deodata alilala chini kando ya gurudumu, akifungua nati ndogo ili upepo utoke kwenye bomba, akaita kanyaga, shikilia, achia, na Esperansia alikanyaga kwa imani ya mtu anayesali novena. Mara mojamoja aliuliza kama wamefika. Kuku walitolewa kwa fagio, wakarudi, wakatolewa tena.

Alhamisi jioni walimwaga oili ya zamani kwenye sufuria chakavu, nyeusi tititi. Deodata alifunga filta mpya, akamimina ule mkebe hadi tone la mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo fundi yeyote angemshika mkono. Alichota kata moja ya ile oili ya zamani, akaichuja kwa kitambaa, akaimimina juu ya ile mpya. Kwa mpika pombe hapakuwa na cha kushangaza. Juisi mpya hutiwa kata moja ya pombe ya jana, ili ile changa ijifunze kwa iliyokomaa. Oili hii mpya haijawahi kuona moto. Nani angeifundisha kazi? Esperansia alikubaliana naye kabisa, na akapendekeza ziwe kata mbili.

Jumamosi mkaguzi akafika. Jina lake Modestus, mtu mrefu wa Mwanza, mwenye ovaroli safi na kalamu tatu mfukoni. Kijiji kizima kilikuwa bandani. Modestus aliuliza fundi yuko wapi, akaonyeshwa Deodata, akauliza tena kwa kudhani hajasikika. Halafu akainama kwenye injini. Alikagua plagi. Akakagua platini. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakitumbukiza tena, akakiinua juani. Oili ilikuwa ya kahawia iliyoiva.

"Mama, karatasi inasema umebadilisha oili," alisema. "Hii si mpya."

Deodata akamweleza habari ya kata. Alieleza polepole, kwa sababu ilionekana huko Mwanza watu hawakufundishwa mambo haya. Akina mama waliomzunguka waliitikia kwa vichwa. Modestus alimsikiliza hadi mwisho, akamtazama mwenyekiti kuomba msaada, na mzee Anatoli, mnywaji wa miaka mingi, naye akaitikia kwa kichwa. Modestus akaomba aonyeshwe mkebe. Alipangusa ndani yake kwa kidole, akasugua, akanusa. Akaenda kwenye sufuria ya oili ya zamani, akafanya vilevile. Kisha akageuka upande wa ukuta, mabega yakawa yanatikisika kwa kicheko. Ilichukua muda kabla hajaweza kusema kwamba kata moja haitaua injini, lakini safari nyingine, tafadhali, oili iachwe ijifunze yenyewe.

Deodata alicheka na wenzake, ingawa uso ulimwaka. Miaka sita ya kushika spana, na hilo hakuna aliyewahi kumwambia.

Mzee Anatoli akazungusha hendeli ya kuwashia. Mara ya kwanza gari lilikohoa. Mara ya pili likanyamaza. Mara ya tatu likawaka, likatoa moshi wa kufukuza nyuki, kisha likatulia likinguruma kwa sauti ambayo kijiji hakikuisikia tangu Krismasi. Esperansia alilia waziwazi.

Modestus akasema sasa litembee, na akauliza dereva ni nani. Watu walitazamana. Deodata alijifunga kitenge vizuri, akapanda upande wa usukani. Modestus alikaa pembeni yake, mkono umeshika mlango.

Waliteremka mlima kwa gia ya pili. Kwenye kona ya chini, kundi la ng'ombe wa pembe ndefu lilikuwa limejaa barabara nzima, linatafuna, halina habari. Deodata alikanyaga. Pedeli ilikuwa ngumu, imejaa, kama alivyoitaka, na Landrova ikasimama hatua tatu kutoka kwenye pua ya fahali. Modestus alikuwa amekanyaga sakafu kwa miguu yote miwili. Alipopumua, aliuliza kuhusu ule mkanda wa feni wenye nyufa, kwa nini hakuubadilisha. Deodata akamwambia kibali kilisema tano. Modestus aliwatazama ng'ombe, akaitazama pedeli, akamwambia ageuze gari.

Waliporudi alitandaza karatasi juu ya boneti, akaandika kwamba gari libaki. Kisha akafika kwenye mstari wa dereva.

"Andika Philbert," Deodata alisema upesi. "Ni gari lake. Nimelitengeneza kwa ajili yake."

"Philbert hayupo, mama. Mimi naandika aliyeniendesha."

Akaandika. Deodata aliyaona herufi kwa herufi majina yake yakikaa mahali pa jina la mumewe. Alifurahi, na furaha yenyewe ikamchoma, maana kiti alichokuwa anakilinda alikuwa amekikalia mwenyewe. Katika barua aliyoandika juma lile alisema tena Landrova haijambo, safari hii kwa ukweli, lakini mambo ya karatasi hakuyagusa.

Philbert alirudi mwezi wa Septemba. Habari ilikuja na lori la kahawa kwamba magari ya jeshi yamewashusha watu Nyakahura. Deodata aliendesha hadi huko peke yake, akipanga maneno njia nzima na kuyapangua. Alimkuta amekaa juu ya begi lake kando ya barabara, amekonda, nywele zimeingia mvi za ghafla. Walisalimiana kwa kushikana mikono kama wageni, kisha si kama wageni tena. Philbert alilizunguka gari taratibu, akalipapasa boneti, akasikiliza injini kichwa kimeinama. Deodata akashindwa kuvumilia. Alimwambia yote kwa pamoja, karatasi, mkaguzi, majina, akamnyooshea ufunguo.

Philbert hakuupokea.

"Huko walinipa lori," alisema. "Miezi tisa, mama Auleria. Nilikuwa nabeba watu. Wengine walikuwa hawaongei tena." Alifungua mlango wa upande wa pili. "Leo nibebe mimi."

Akapanda, akaegemeza kichwa kwenye kioo. Deodata aliwasha gari, akaondoka taratibu akikwepa mashimo, na kabla hawajaimaliza Nyakahura mumewe alikuwa amelala.