Usimsemeshe Tolliver

Mpira ulimgonga mrushaji Dewey Tolliver juu kidogo ya sikio la kulia, ukaruka hewani, na kabla haujagusa nyasi ukatua kwenye glavu ya mwenzake Teo Bracamonte. Kwa sheria ya besiboli, mpigaji aliyeupiga alikuwa ametolewa. Uwanja mzima wa Kellerton ukaangua kicheko na makofi, maana kwa miaka tisa bahati ya namna hiyo ilikuwa ikiwaendea wengine tu.

Tolliver alipiga goti, kisha akainuka. Daktari wa timu akamkimbilia pale kwenye kilima cha mrushaji.

"Vidole vingapi hivi?"

"Vyote, na kimoja hujakikata kucha," Tolliver akamjibu. "Rudi ukakae, daktari. Hiki kichwa mke wangu anakigonga kila siku, hakijawahi kupasuka."

Lonnie Vasko alicheka pamoja na wenzake. Yeye ndiye mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya kibao cha mpigaji na kumwonyesha mrushaji kwa vidole mpira wa kurusha. Alikuwa amemchuchumalia Tolliver tangu siku wote wawili walipoingia Kellerton, vijana wasio na ndevu, wakiamini wameletwa kunyanyua kombe.

Kombe gani! Tangu wafike, Wahunzi wa Kellerton hawajamaliza msimu hata mmoja bila kufungwa mechi nyingi kuliko walizoshinda. Makocha walibadilishwa kama mashati. Mwenye timu alipaka kuta rangi upya, akaleta na padri abariki nyasi, lakini la kuvunda halina ubani. Mashabiki wakawa wanakuja uwanjani wamejivika mifuko ya karatasi vichwani, wametoboa matundu ya macho, ili majirani wasiwatambue. Mwaka huu, Mungu anajua vipi, walijikokota hadi siku ya mwisho na mechi moja mkononi. Wakishinda, walizoshinda na walizofungwa zitalingana, na aibu ikatike. Wakifungwa, ni mwaka wa kumi, muongo mzima.

Na kulikuwa na jingine. Ilipofika raundi ya tano kati ya tisa, hakuna mpinzani aliyekuwa amepata pigo safi hata moja kwa mipira ya Tolliver. Hapo ndipo mwiko unapoingia. Mrushaji aliye katika hali hiyo hasemeshwi. Analofanya halitajwi. Mwisho wa benchi anaachiwa peke yake, na watu wanasongamana upande wa pili hata kama wanakanyagana. Siku hiyo hata daktari, mtu aliyesoma mpaka akaota upara, alipita nyuma ya Tolliver akinyata.

Lonnie aliujua mwiko huo kuliko wote. Mwaka wa nne alimwambia mrushaji mwingine, "Bado wawili tu, kaka," na mpira uliofuata ukapigwa hadi kwa mashabiki. Tangu siku hiyo mji mzima unamwita Domo. Watu walimtumia plasta kwa posta ili ajizibe. Binti yake alitaniwa shuleni mpaka akakataa kutaja jina la baba yake.

Raundi ya sita Lonnie alionyesha vidole viwili, yaani mpira wa kupinda. Ukaja wa moja kwa moja, wa kasi, nusura umvunje taya. Mpigaji akakosa, mashabiki wakanguruma. Lonnie akasema moyoni, huyu leo ana ujanja. Akaonyesha kidole kimoja, ukaja wa kupinda. Akarudia, na Tolliver naye akarudia, huku amevikodolea macho vile vidole kana kwamba hajapata kuviona. Lonnie akainua barakoa yake ya chuma, akamtazama vizuri.

Waliporudi kwenye benchi alimtazama kwa pembe ya jicho. Tolliver aliinua kikombe cha maji, kikakosa mdomo, maji yakamtiririka kidevuni hadi kifuani, wala hakujifuta. Mkono wake wa kushoto ulilala pajani, kiganja juu, umesahauliwa.

Lonnie akamsogelea kocha Gus Pellegrin. "Kocha, Dewey hayuko sawa."

"Nyamaza."

"Mwangalie mkono, kocha. Ule mpira wa kichwani—"

"Lonnie, nakuomba kama ndugu yangu." Pellegrin hakugeuza hata shingo. "Raundi tatu. Tatu tu! Usilifungue hilo domo."

"Akilifungua naliziba kwa glavu," Bracamonte akadakia. "Mwaka wa nne hukutosheka, Domo? Umekuja kutumalizia na huu?"

Wengine wakaguna kumuunga mkono. Lonnie akaketi. Aliogopa kumsemesha Tolliver, na aliogopa kutomsemesha. Labda ni uchovu tu. Labda akifungua mdomo ataiua timu bure, na mara hii mji hautamtumia plasta, utamtumia mawe. Akajiambia raundi moja zaidi haitamdhuru mtu. Alitaka kushinda. Jamani, alitaka sana.

Raundi ya saba Tolliver aliwatoa wapigaji watatu mfululizo, na hilo ndilo lililomtisha Lonnie kupita yote. Mkono ulikuwa ukifanya kazi uliyoizoea, lakini mwenye mkono hakuwapo. Uso ulikuwa mtupu. Mashabiki walivua mifuko yao, wakaipeperusha, wengine wakalia machozi, na Tolliver akatembea katikati ya kelele zile kama mtu anayepita kwenye nyumba ya watu.

Kisha akaukanyaga mstari mweupe wa chokaa. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuukanyaga. Aliuruka kila akiingia na kila akitoka, kwani kuukanyaga ni kisirani na kila mchezaji anajua. Bracamonte aliona, akapauka. Tolliver akaendelea kutembea, polepole, kuelekea benchi la wapinzani.

Lonnie akamwahi. Akamshika kiwiko bila neno, akamgeuza, akampeleka kwao, akamkalisha. Halafu, mbele ya timu nzima, akaketi kando yake. Heri nusu shari kuliko shari kamili, aliwaza, na akapiga moyo konde.

"Dewey."

Mtu mmoja nyuma akalaani kwa sauti ya chini. Tolliver akageuka. Mboni ya jicho moja ilikuwa imetanuka kama kifungo cha koti, ya pili imebaki tundu la sindano.

"Kumbe wewe, kaka." Akatabasamu upande mmoja. "Pruitt yuko wapi? Mbona mzee hajanipa mkono?"

Pruitt alikuwa kocha wao wa mwaka wa kwanza. Jeneza lake walilibeba wao wawili, Tolliver mbele, Lonnie nyuma.

"Ametoka kidogo," Lonnie alisema.

"Mwambie asihofu. Mwaka huu hatufungwi. Timu nzuri sana hii, Lonnie. Mimi na wewe tutachukua kombe kabla hatujaota mvi."

Lonnie, mwenye mvi pande zote mbili za kichwa, akasimama. "Daktari! Njoo hapa! Mtoeni!"

"Umerogwa?" Pellegrin alimrukia. "Muongo mzima, Lonnie! Unajua unachokifanya?"

"Mwangalie macho, Gus! Mwangalie! Mtoe, au nalala pale kwenye kibao nione nani ataendelea kucheza."

Pellegrin akamwangalia Tolliver kwa mara ya kwanza tangu raundi ya nne. Akampungia mwamuzi mkono kuomba mrushaji mwingine. Daktari naye akafika, akamfunua jicho, akapiga kelele gari la wagonjwa liitwe.

Mashabiki hawakuelezwa kitu. Waliona tu Domo amemsemesha mrushaji, kisha mrushaji mwingine akaingia. Mpira wa kwanza wa huyo mgeni ulipigwa hadi nje ya uwanja, pointi kwa wapinzani. "Domo! Domo!" uwanja ukapiga kelele, na mifuko ikarudi vichwani, mmoja baada ya mwingine. Mdakaji wa akiba alikuwa na kidole kilichovunjika, kwa hiyo Lonnie alibaki amechuchumaa mpaka mwisho, akidaka mipira asiyoiona. Alichosikia yeye ni king'ora cha gari la wagonjwa, kikienda, kikienda, mpaka kikapotea upande wa mtoni. Wahunzi hawakupata pointi hata moja.

Asubuhi alimkuta Corinne, mke wa Tolliver, kwenye korido ya hospitali, bado amevaa fulana ya timu.

"Wamempasua, shemeji," alisema. "Damu ilikuwa inaukandamiza ubongo. Daktari anasema wangechelewa kidogo tu..." Hakumaliza. "Ameshaamka mara moja. Ameniuliza tunafunga ndoa lini."

Walikuwa na watoto wawili. Lonnie alitamani ile korido iwe ndefu zaidi, asifike mlangoni. Kumpoteza mtu akiwa hai, anakupumulia usoni na hajui miaka mliyokula pamoja, hilo lilimtisha kuliko maiti.

Tolliver alikuwa amefungwa bandeji hadi kwenye nyusi. Akafumbua macho, akamtazama.

"Kaka."

"Naam."

"Pruitt..."

Lonnie akashika chuma cha kitanda.

"Nimemwota Pruitt," Tolliver akasema polepole. "Marehemu kanitukana weee, mpaka nimeamka. Eti nimekanyaga mstari." Akamkagua usoni. "Na usinidanganye. Uso wako naujua. Tumefungwa, siyo?"

"Tumefungwa."

"Kwa hiyo kumi."

"Kumi kamili."

Tolliver akafumba macho. "Timu ya hovyo kweli hii."

Lonnie Vasko, ambaye katika miaka yote hiyo hakuwahi kutoa chozi kwa ajili ya mechi, akaweka paji la uso kwenye shuka na kulia kwa sauti.

"Sema tena," alimwambia. "Sema tena, kaka."