Nukta za Verna Kopecky

Jumatano moja ya Aprili, mwaka 1954, Verna Kopecky aliweka nukta ya penseli juu ya neno "theluji", akalamba kidole, akafungua ukurasa uliofuata. Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya katika jarida la Darubini, ghorofa ya kumi na tisa, Manhattan. Wanaume waliandika, wanawake walihakiki. Kila neno lililothibitishwa liliwekewa nukta juu yake, na neno lisilo na nukta halikwenda kiwandani Chicago kuchapwa. Kosa likipita, aliyefokewa ni mwenye nukta. Mwandishi alikuwa ameshakwenda kunywa.

Habari ilisema mji wa Duluth umefunikwa na theluji hadi madirishani. Verna alikuwa amepiga simu huko asubuhi, akaambiwa jua linawaka na watu wametoka na mashati tu. Lakini mwandishi alikuwa kwenye chakula cha mchana, na chakula cha mchana cha waandishi kilikuwa hakiishi, na Verna alikuwa amechoka kunyoosha uongo wa watu wazima. Akaiwekea nukta. Jumatatu jarida lilipotoka, Duluth ilipata theluji hadi madirishani.

"Afadhali wewe," alisema Imogene Sayles, mhakiki mwenzake wa meza ya mbele. "Mimi nilimwekea seneta mmoja macho ya kijani. Nasikia mkewe mpaka leo hajamzoea."

Bwana Thornquist, mhariri mkuu, alifurahi kupita kiasi. Barua za wasomaji walalamishi zilikoma, akaamuru simu za mbali zipunguzwe. Aliwaambia wakurugenzi kwamba siku hizi mambo yenyewe yanalifuata jarida, na hiyo ndiyo faida ya uhariri mzuri. Wakampigia makofi.

Verna alitaka kitu kimoja tu, kiti cha mwandishi. Alikitaka mpaka chakula kikawa hakipandi na miguu ikawa haitulii chini ya meza. Mwandishi wa habari za kilimo alipostaafu, Bwana Thornquist alimshika Verna bega, akamwambia, "Kile kiti ni chako, binti." Binti mwenyewe ana mvi! Kisha kiti akapewa mtoto wa rafiki yake wa gofu, mpole wa watu, asiyejua tofauti ya ng'ombe wa maziwa na wa nyama. Verna, aliyekulia shambani Nebraska, akapewa habari za yule bwana azihakiki, yaani aziandike upya.

Kila toleo lilifunguliwa kwa barua ya mhariri iliyomtambulisha mmoja wa wafanyakazi kwa wasomaji. Saini ilikuwa ya Bwana Thornquist. Maneno yalikuwa ya Verna, miaka nenda miaka rudi. Ijumaa ya wiki hiyo aliiandika kama kawaida, kisha mwishoni akaongeza mstari: "Verna Kopecky ni mwandishi wa jarida hili." Kwa kuwa mhakiki haruhusiwi kujiwekea nukta kwenye maneno aliyoyaandika mwenyewe, akampelekea Imogene.

"Wewe mwanamke una wazimu," Imogene alisema.

"Weka."

"Je, akiona?"

"Ataona wapi? Lini umemwona akisoma barua zake?"

Imogene akacheka mpaka akashika mbavu. Akaweka nukta, neno kwa neno.

Lakini Jumamosi lilikuja tangazo la majokofu lililotaka nafasi, ukurasa ukazidi mstari mmoja, ikabidi mhariri mkuu apelekewe apunguze. Hivyo ndivyo Bwana Thornquist alivyosoma barua yake kwa mara ya kwanza. Akamwita Verna. Hakukasirika hata kidogo.

"Mbona hukuniambia kwamba huna raha?"

"Nilikwambia Februari. Nikakwambia Machi. Juzi nimekwambia kwenye lifti."

"Lakini ulikuwa unatabasamu."

Akashika penseli yake ya buluu, akakata huku na huku, akaandika: "Mhakiki wetu Verna Kopecky ameridhika." Akasema sasa ni fupi, tena ina uchangamfu. Akausukuma ukurasa upande wa Verna.

"Tia nukta."

"Siyo kweli, Bwana Thornquist. Sitii."

Akamwita Imogene. Waandishi wakainua vichwa, maana Chicago walikuwa wanangoja na hakuna aliyetaka kukosa treni ya kwenda nyumbani.

"Hili siwezi kulithibitisha, bwana," Imogene alisema.

"Si yuko mbele yako? Muulize."

"Verna, umeridhika?"

"Hapana," Verna akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye lifti.

"Haya, umeshauliza," Bwana Thornquist alisema, akatazama saa.

Imogene alikuwa na watoto wawili na mume aliyelazwa. Aliweka nukta huku machozi yakimdondoka. "Nisamehe, shoga yangu," alisema. "Angalau hutaumia tena." Verna alimshika mkono, si kwa nguvu, kisha akamwachia.

Jumapili Verna alikuwa amebakiwa na siku moja ya kutaka, kabla jarida halijatoka. Hakukaa ndani. Alitembea kutoka mto wa mashariki hadi mto wa magharibi, akarudi, akaenda tena, viatu vikimchubua, akijisemea kwa sauti, "Nakitaka kile kiti. Nakitaka. Nakitaka." Watu walimpisha njia bila kugeuka, ndiyo desturi ya mji ule. Roho ilimuuma sana, naye akaishikilia ile hasira kwa mikono miwili. Kulala hakulala.

Jumatatu asubuhi mafurushi ya jarida yalipofunguliwa vibandani, yeye alikuwa kwenye ngazi za treni ya chini ya ardhi. Miguu ikatulia. Akasimama kidogo kumpisha mama mmoja mwenye mizigo, kisha akaendelea, akiimba chinichini. Ofisini alivua kofia, akachonga penseli zake.

Imogene alimkuta hapo. Imogene mwenyewe macho yalikuwa yamevimba. "Verna, unakumbuka ulichokuwa unakitaka?"

"Nakumbuka, shoga. Si kile kiti?"

Wakakitazama wote wawili. Mtoto wa rafiki wa gofu alikuwa amekikalia, amenyoosha miguu, anamenya chungwa.

"Kinamfaa," alisema Verna. Akaivuta habari mpya ya ng'ombe ya yule bwana, akaanza kuiandika upya tangu mstari wa kwanza.